Sanamu Iliyorudi Bila Mikono

Tangu nirudi, kila anayeingia kwangu anaketi, anakunywa chai yangu, kisha anaitazama sanamu iliyo juu ya kabati na kuuliza: "Mwalimu, uliondoka na sanamu nzima, mbona umerudi na kiwiliwili?" Nimejibu mara nyingi hadi mke wangu, Mama Kabula, ananimalizia sentensi akiwa jikoni. Basi naandika mara moja, msome wote, mniache nipumzike. Magoti bado yananiuma.

Sababu ya safari mnaijua nusu. Shule yetu ya kati ilikuwa na saa mbili za uchoraji na uchongaji kila Alhamisi, na mwalimu wake ni mimi. Mwisho wa muhula Mwalimu Mkuu aliniita akanionyesha barua iliyotoka juu: shule za kati zikazanie kilimo.

"Mimi sina ugomvi na kazi yako," akasema. "Lakini mkaguzi atauliza vijana hawa wanajifunza kwa nani. Wewe ulisomea chuoni kuchora chupa na sanduku. Niletee fundi hasa, mtu ambaye nchi hii inamjua. Ukimpata kabla wiki ya pili ya muhula ujao haijaisha, Alhamisi ni yako. Usipompata, inakwenda shamba la pamba."

Fundi hasa niliyemjua alikuwa mmoja tu, mzee Lushinge, aliyekuwa akichonga sanamu za ngoma karibu na kwetu. Nilikaa kwake misimu mitatu nikiwa mdogo. Msimu wa kwanza sikuruhusiwa hata kushika tezo. Kazi yangu ilikuwa kufagia mapande ya mti na kutazama. Siku ya kwenda shule nilimwambia nitarudi pamba ikivunwa. Pamba imevunwa mara kumi na tano tangu siku hiyo, wala sikurudi. Sina udhuru wa maana. Nilikuwa nasoma, kisha nikawa nafundisha, kisha nikaona haya. Habari ya mwisho niliyoisikia ni kwamba yuko migodini, upande wa Geita.

Nikachukua sanamu yangu ya mninga niliyoichonga chuoni, mtu aliyesimama wima, iliyosifiwa na walimu wote hadi ikawekwa mezani kwa mkuu wa chuo kwa wiki nzima. Nilitaka Lushinge aione, ajue kuwa sikupotea bure. Nikaifunga katika blanketi isikwaruzike. Blanketi hilo ndilo lililoniponza.

Shinyanga hadi Isaka

Treni ya asubuhi ilikuja alasiri. Nilikaa juu ya sanduku langu nikiwa na viatu vipya, maana Mama Kabula alisema mwalimu hasafiri na viatu vilivyochoka. Kufikia saa sita viatu vilikuwa havijachoka ila mimi nilikuwa nimekwisha. Vumbi la uwanja wa pamba lilikuwa likivuma moja kwa moja hadi machoni, na muuza chai alikuwa ameishiwa sukari akiuza maji ya moto yenye rangi.

Jambo moja lilinishangaza. Benchi lilijaa watu, lakini pembeni yangu palibaki wazi. Mama mmoja aliyekuwa na kuku wawili alikuja kukaa, akautazama mzigo wangu, akasimama tena na kuku wake. Ndani ya treni ikawa vilevile: watu wamesimama mlangoni, na kiti kilicho kando yangu hakina mtu. Nikafikiri ni heshima ya ualimu. Mzee mmoja alivua kofia alipopita, nikamwitikia kwa kichwa. Sasa najua hakuwa akinisalimu mimi.

Nilinyoosha miguu hadi Isaka, nimeridhika kama mjinga.

Isaka hadi Kahama

Kesho yake nikapata lori la kwenda Kahama, limepakia chumvi na mabati. Dereva wake, Hamisi, ni mtu wa Tabora, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko injini yake. Alikuwa akiwapandisha abiria mmoja mmoja, alipofika kwangu akashusha mkono.

"Hiyo ni nini?"

"Sanamu."

"Ya ngoma?"

"Ya shule."

Akacheka, lakini macho yake hayakucheka. "Mwalimu, mimi Mnyamwezi, si Msukuma, ila njia hii nimeipita miaka. Mtu anayebeba sanamu kwenye blanketi baada ya mavuno anakwenda kushindana. Na anayekataa ndiye anayekwenda hasa."

Kumbe nilikuwa nimesahau jambo ambalo mtoto yeyote wa kwetu analijua! Baada ya mavuno makundi mawili ya ngoma hucheza kwenye uwanja mmoja, na linaloshinda ni lile linalovuta watazamaji wengi. Watu wakianza kuhamia upande wa pili, ndipo sanamu hutolewa, kamba ikavutwa, mikono ikainuka juu, na umati ukarudi mbio. Kabla ya siku hiyo haionwi na mtu. Husafirishwa imefunikwa, na watu huamini imetiwa dawa ya kuvuta watu. Miaka ya chuo ilikuwa imenifanya nione blanketi kama blanketi tu.

"Basi naifungua uone," nikasema.

"Usifungue!" Hamisi akaruka nyuma, na abiria wakaruka naye. "Unataka niondoke na gari tupu, watu wote wabaki hapa wanakutazama wewe? Panda nyuma. Kaa mbali na chumvi."

Nikapanda juu ya mabati. Jua la saa nane, juu ya mabati, kwa suruali ya kaki. Sitaeleza zaidi. Springi ikavunjika kabla hatujafika nusu ya njia, tukakaa chini ya kivuli cha lori lenyewe hadi jioni ikakaribia. Mwanamke mmoja alikuwa na michembe na karanga, akawagawia watu wote. Sehemu yangu aliiweka juu ya jiwe, akasogea, nami nikaenda kuichukua. Viazi hivyo vikavu vilikuwa vitamu, lakini kula kama mkosaji kunaondoa ladha.

Tuliposhuka Kahama, Hamisi alinionea huruma. "Ukitaka pa kulala nenda Nyasubi," akasema. "Ila mzigo wako uweke kwapani, si begani."

Nyasubi

Niliuweka kwapani. Haikusaidia.

Nyasubi walikuwa wakifanya mazoezi ya ngoma, na shindano lao lilikuwa Jumapili. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Sijamaliza kusalimu, vijana wanne walinizunguka kwa adabu kubwa, wakanipokea sanduku, wakaniletea kigoda, maji ya kunawa, ugali wa mtama na kuku. Blanketi hawakuligusa. Nilikula kwa furaha mpaka niliposimama kuaga.

"Unakwenda wapi tena, mgeni?" akauliza mmoja.

"Nitafute pa kulala, kesho niendelee."

"Utalala hapa. Kesho utakula hapa. Wewe ni mgeni wetu hadi Jumatatu."

Ndipo nikaelewa. Waliamini nimetumwa na wapinzani wao, na kwa kuwa mgeni hapigwi wala hafukuzwi, waliamua kunikirimu hadi shindano lipite. Kesho yake wakachinja kuku wa pili. Nikijaribu kuelekea barabarani, mtu analeta maziwa ya mgando. Kila bakuli lilinikaribisha na kunifunga mlango. Nimewahi kukaa na njaa, na nimewahi kukaa na shibe ya namna hiyo; njaa ni afadhali. Siku zilikuwa zinakwenda, na wiki ya pili ya muhula haikuwa ikiningoja.

Ijumaa alasiri nikaomba kuonana na mkubwa wao. Akaja Mama Kulwa, kiongozi wa wanawake wachezaji, mnene, mpole wa sauti, ambaye vijana wote walinyamaza alipoketi.

"Mayu," nikamwambia, maana kwetu mama mzazi wa mtu yeyote ni mayu, "fungua mwenyewe. Kama ni ya ngoma, nifungeni kamba."

Akafungua. Vijana wakageuza nyuso. Yeye akaishika sanamu, akaigeuza, akapapasa mgongo, akapapasa makwapa.

"Kamba iko wapi?"

"Haina kamba."

"Mikono inainuka vipi?"

"Haiinuki. Imechongwa pamoja na mbavu. Chuoni walisema hivyo haivunjiki."

Kijana mmoja akageuka kutazama. Akaona mikono ile iliyoganda ubavuni, akapasuka kicheko. "Jamani, imekamatwa na polisi!" Wote wakaangua. Mimi niliyeisubiri sifa ya Lushinge njia nzima nilisimama pale, masikio yanawaka.

Mama Kulwa peke yake hakucheka, na hilo lilinichoma zaidi. "Pole, mwalimu," akasema, kama unavyomwambia aliyefiwa. "Hii haina vita na mtu." Akaifunga tena vizuri, akaamuru niazimwe baiskeli ya mumewe. "Utairudisha ukipita. Na huyo unayemfuata, akikuonyesha bega, tazama."

Nilikuwa nimemtajia Lushinge, kumbe Mama Kulwa alimjua zamani. Ngoma yao ilikuwa na sanamu yake ya zamani, nayo ndiyo iliyokuwa imefichwa nyumba ya pili wakati wote ule.

Nyasubi hadi Kharumwa

Ya njia hii sina mengi. Baiskeli haikuwa na breki, nami sikuwa na pumzi. Mchanga ulikuwa mwingi kiasi kwamba robo ya safari niliibeba baiskeli, robo nyingine nikaisukuma. Viatu nilivivua, nikavifunga kwenye usukani vikasafiri raha mustarehe.

Kharumwa nilipokewa na mkulima mmoja na mkewe ambao Kiswahili kwao kilikuwa cha kuombea maji tu, na Kisukuma changu kilikuwa kimeota kutu. "Mwangaluka," nikasalimu, wakaitikia, kisha tukabaki kutazamana. Walinipa matobolwa, viazi vilivyochemshwa vikakaushwa, magumu kama kokoto hadi uvitafune kwa subira. Mzee akaonyesha mzigo wangu. Mara hii niliufungua kabla ya kuulizwa. Akaitazama, akanyanyua mikono yake mwenyewe juu, akaishusha, akanitazama kwa swali. Nikaifunga tena katika blanketi.

Usingizi ulinikataa kwa uchovu. Nilikuwa nafikiria jinsi nitakavyoanza kusema mbele ya Lushinge. Nilitunga maneno, nikayafuta, nikayatunga tena. Kusema kweli niliogopa.

Geita hadi Rwamgasa

Geita nilimwuliza mtu wa kwanza kuhusu fundi mchongaji Lushinge. Akanipeleka kwa seremala aliyekuwa akitengeneza majeneza, kijana mchangamfu kutoka Bukoba ambaye hajawahi kumsikia. Mtu wa pili akanipeleka kwa sonara. Mgodini watu wanatoka kila upande wa nchi. Huyu kaja na msalaba, yule na kofia ya viua, wote wana vumbi moja, na hakuna anayemjua jirani yake zaidi ya mwezi mmoja. Nikala wali na sato kwenye kibanda, samaki mzuri kuliko wote niliowahi kula, nikawa nimelala na kichwa mezani kabla sijamaliza.

Mwenye kibanda ndiye aliyenisaidia. "Lushinge? Yule mzee wa matimba? Yuko Rwamgasa." Matimba ndiyo magogo wanayosimamisha ndani ya mashimo ili paa lisiwaangukie. Nikauliza anayachonga? "Anayalinda," akasema.

Rwamgasa nilifika mchana. Palikuwa na rundo la magogo kubwa kama nyumba, na mbele yake mzee ameketi juu ya gogo moja, mgongo umenyooka vilevile kama zamani. Nilimtambua kwa mgongo, nikamwita babu kwa lugha yetu.

"Shikamoo, guku."

"Marahaba." Akanitazama. "Pamba imevunwa?"

Nilipiga magoti mchangani. Maneno yote niliyoyatunga Kharumwa yalitoweka. Nilisema tu, "Nisamehe, guku," nikaanza kulia. Akaniacha nilie kidogo, kisha akasema niinuke, mchanga una wadudu.

Nilipomshika mkono ndipo nilipoona. Mkono wa kulia uliishia kwenye kifundo. Alisema gogo liliteleza kutoka kwenye rundo naye akanyoosha mkono kulizuia, kosa ambalo angempiga mwanafunzi kwa kulifanya. Ilikuwa miaka mitatu iliyopita.

"Kwa nini ulikuja huku, guku?"

"Watu walikuja, nikawafuata. Vijana waliokuwa wakicheza ngoma wako humu mashimoni. Huku wanataka vitanda. Kitanda kinalaliwa kila siku. Sanamu inangoja mavuno. Nikachonga vitanda, kisha milango, kisha matimba. Sasa nalinda." Akautazama mzigo. "Lete."

Akafungua blanketi kwa mkono wa kushoto, taratibu. Akaiweka sanamu mapajani, akapitisha kidole gumba kwenye bega, akashuka nacho hadi kiwiko, akarudi begani. Nilikuwa nimemaliza siku kumi kwa ajili ya dakika hiyo.

"Uso mzuri," akasema. "Nani alikufundisha kufunga mabega?"

"Chuoni."

"Na mimi nilikufundisha nini?"

"Bega kwanza." Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia kila asubuhi kwa misimu mitatu, na sikuwahi kuyasema tena hadi saa ile. Bega huchongwa kabla ya uso, maana uso hutazamwa, bega hucheza.

Akanyoosha kidole kwenye msumeno uliokuwa umeegemezwa kwenye magogo. "Kata."

Nikadhani anatania. Hakuwa akitania. Nikakata mikono yote miwili ya kazi ile niliyoisotea muhula mzima, yeye akinisahihisha: "Pandisha msumeno. Usiiumize mbavu." Vumbi jekundu la mninga likamwagika miguuni kwetu. Akaichukua ile mikono, akaiweka mfukoni mwa koti lake.

Ndipo nikamweleza habari ya shule, Alhamisi na pamba. Nikamwomba aje. Nikamwambia hata kwa mdomo tu angefundisha.

"Nikaonyeshe watoto nini?" akauliza, akanyanyua kifundo. "Mkaguzi wako aje akute kisiki kinafundisha kisiki? Nenda, mwanangu. Umekuja, nimekuona. Wabeja."

Hiyo ni asante, na pia ni kwaheri. Nilimbembeleza siku mbili. Siku ya tatu alikataa hata kunisalimu.

Kurudi

Kurudi kulikuwa kufupi kwa sababu sikutazama chochote. Niliirudisha baiskeli Nyasubi. Walikuwa wameshinda Jumapili, nao wakanipa kuku tena. Nilimpa Mama Kulwa habari za mkono wa Lushinge, akaenda ndani na hakutoka hadi nilipoondoka. Kwenye lori la Hamisi nilipanda mbele safari hii, sanamu mapajani bila blanketi, na hakuna aliyekimbia. Nani akimbie kiwiliwili? Nilimsimulia Hamisi yote, maana nilikuwa nimechoka kunyamaza. Alisema hupeleka chumvi hadi Rwamgasa mara moja kwa mwezi, na angemsalimu mzee.

Mwalimu Mkuu alinipokea ofisini. "Fundi yuko wapi?"

Nikaiweka sanamu mezani. "Hana mkono."

Akaitazama, akanitazama mimi, nadhani akaona nilivyokonda. "Pole sana," akasema. "Tungoje wiki ya pili iishe, maana neno ni neno. Lakini waambie vijana walete majembe."

Niliwaambia. Mkasikia wote, na ndiyo maana mmekuwa mkinihoji.

Sasa la jana, ambalo hamjalisikia. Jana ilikuwa Ijumaa, siku ya mwisho ya wiki ya pili. Lori la Hamisi lilisimama langoni mwa shule saa nne, akapiga honi hadi darasa lote likatoka. Akanipa kifurushi cha gunia. Ndani mlikuwa na mikono miwili ya mti.

Si ile niliyoikata. Hii ilikuwa mipya, imechongwa kwa gogo la mgodini, na ilikuwa kazi mbaya. Tezo lilikuwa limeteleza kila mahali. Mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake, vidole kama vijiti vya kuchokonolea meno. Ila begani palikuwa na tundu safi, na kamba ya ngozi imepitishwa tayari.

"Kachonga kwa mkono wa kushoto," Hamisi akasema, na kwa mara ya kwanza alisema polepole. "Nilimkuta ameharibu matimba sita. Kaniambia nikwambie hivi: mkono huu haujasoma. Kama darasa lako bado lipo, anaomba nafasi."

Niliingia ofisini na mikono ile, nikaifunga kwenye sanamu mbele ya Mwalimu Mkuu, nikavuta kamba. Ikainuka, mmoja juu, mwingine ukichelewa nyuma yake. Vijana waliokuwa dirishani wakapiga kelele.

"Fundi amepatikana?" akauliza.

"Amepatikana. Ila anakuja kama mwanafunzi."

Akavuta kamba mwenyewe, mara moja, kisha mara ya pili. Halafu akafungua daftari la mahudhurio akanisukumia kalamu. "Andika jina lake," akasema. "Mkaguzi akiuliza, nitamwambia hata mafundi wetu wanasoma."

Hamisi ameondoka leo kumchukua. Atakaa kwangu, Mama Kabula amekwisha kufagia chumba cha nyuma. Alhamisi ataketi mbele yangu na tezo katika mkono wa kushoto, akingoja nimwambie la kufanya, yeye aliyenifundisha mimi. Nimelifikiria usiku kucha na sikupata njia nyingine. Nitaanza na bega.